Vitufe, Swichi ya Futi au Rejistresheni: Njia Ipi ya Kuhamisha Oktava Inamfaa Mpiga Kinanda wa Jukwaani?

Funguo 61 ni oktava tano (oktava moja ni funguo 12), na anayepiga peke yake nyumbani huziona nyingi. Jukwaani hesabu hubadilika. Mpiga kinanda wa Dodoma anayepiga na bendi kwenye harusi ya Ipagala au Nzuguni Jumamosi jioni, kisha akaisindikiza kwaya Jumapili asubuhi, kwa kawaida hutegemea kinanda kimoja chenye ridhimu, yaani usindikizaji wa ngoma, besi na vyombo vingine unaojipiga wenyewe, na mara anapoiwasha ridhimu hiyo, upande wa kushoto hutengwa kwa ajili ya kodi, yaani noti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Katika vinanda vingi vya Yamaha vya aina hiyo, mpaka unaowekwa kiwandani ni F#2. Funguo 19 za kushoto hushika kodi, na funguo 42 za kulia, ambazo ni oktava tatu na nusu, ndizo zinazobakia kwa piano, filimbi, tarumbeta na nyuzi. Filimbi haina uhai ikipigwa chini sana, na nyuzi hupoteza uzito zikipigwa juu sana. Kwa hiyo namna ya kuhamisha oktava, yaani kuzifanya funguo zilezile zitoe sauti za juu au za chini zaidi, ni jambo la kuchaguliwa kwa makini kama mtu anavyochagua kinanda chenyewe.

Njia zilizopo ni kadhaa, na watengenezaji huzipa majina yanayofanana ilhali kazi zake ni tofauti. Ninazilinganisha kwa maswali manne ambayo mpigaji atakutana nayo jukwaani apende asipende. Je, noti inayolia wakati wa kuhama inafanywa nini? Je, mkono lazima uondoke kwenye funguo? Je, mpigaji anajuaje kwa kutazama mara moja kwamba yuko oktava gani? Na umeme ukikatika ukarudi, nini kinabaki?

Kabla ya hapo, tutenganishe oktava na transpozi, kwa sababu vitufe vyake mara nyingi hukaa jirani. Kupanda oktava moja ni kuongeza kasi ya mtetemo mara mbili: A ya herzi 440 huwa 880, na ikishuka huwa 220. Jina la noti halibadiliki, na wimbo unabaki kwenye kii yake, yaani noti ya msingi uliyojengwa juu yake. Transpozi huhamisha nusu-toni moja moja, yaani hatua ya kutoka ufunguo mmoja hadi unaoufuata, na kubadilisha kii yenyewe, na katika vinanda vya ridhimu hubeba pia besi na vyombo vya usindikizaji. Mwalimu wa kwaya akisema waimbaji wa sauti ya kwanza wanabanwa kwenye kiitikio, dawa ni transpozi. Akisema filimbi inawafunika, dawa ni oktava. Wako wanaoweka transpozi ya nusu-toni 12 ili wapate oktava. Sishauri hivyo kwenye kinanda cha ridhimu, maana gita la besi la kinanda nalo linaweza kupanda pamoja na sauti ya mkono wa kulia, na wimbo ukabaki hauna msingi.

Vitufe viwili vya paneli

Njia inayojulikana zaidi ni jozi ya vitufe vya kupandisha na kushusha. Katika vinanda vya Yamaha vya mfululizo wa PSR-S vimeandikwa kwamba vinahusu oktava ya upande wa juu, yaani sauti za mkono wa kulia tu. Kodi za kushoto na ridhimu haziguswi. Katika Roland JUNO-DS masafa yake ni oktava tatu chini hadi tatu juu, nayo huhamisha kinanda kizima. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumkwamisha mpigaji aliyezoea kimoja akapewa kingine dakika chache kabla ya kupanda jukwaani.

Ubora mkubwa wa vitufe ni jinsi vinavyoshughulikia noti inayolia. Katika vinanda vilivyoundwa vizuri, noti iliyoshikwa huendelea kulia mahali pake pa zamani na noti mpya ndizo zinazotoka kwenye oktava mpya. Hapo ndipo pedali ya kushikilia sauti inapokuwa na thamani isiyopatikana kwa njia nyingine: unapiga kodi ya nyuzi katikati ya kinanda, unaikanyaga pedali, unabonyeza kitufe cha kupandisha, kisha mkono uleule unapiga mapambo ya juu wakati kodi bado inajaza ukumbi. Kwa mpigaji mwenye oktava tatu na nusu tu, huko ni kuongezewa kinanda cha pili. Katika nyimbo za kuabudu, ambazo kodi moja inaweza kukaa muda mrefu huku kiongozi akinena, sijui mbinu nyingine rahisi yenye matokeo mazuri kama hiyo.

Lakini jambo hilo halina uhakika katika kila chombo. Tangu mfumo wa MIDI, ambao vyombo vya muziki vya kielektroniki huutumia kuwasiliana, uanze kutumika mwaka 1983, kila ufunguo unapobonyezwa hutuma namba ya noti kati ya 0 na 127, na unapoachiwa hutuma namba hiyo tena ili sauti inyamaze. C ya katikati ni 60. Ukiibonyeza C hiyo, ukapandisha oktava kabla ya kuiachia, kinanda chenye programu nzuri hukumbuka kwamba kilituma 60 na kitaifunga 60. Kisichokumbuka hutuma amri ya kuifunga 72, na ile 60 inabaki ikilia bila mwisho mpaka mtu abadilishe sauti au azime chombo. Ukumbini noti iliyokwama inasikika na kila mtu, na fundi mitambo hana la kufanya zaidi ya kuizima laini yako.

Kuhusu mkono, jibu linategemea mahali vitufe vilipo. Vikiwa kushoto karibu na gurudumu la kupinda sauti, mkono wa kushoto huvifikia bila kuusumbua wa kulia. Katika kinanda cha ridhimu hali ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu usindikizaji huendelea na kodi ya mwisho hata ukiachia funguo. Mkono wa kushoto una nafasi ya kwenda kwenye kitufe na kurudi kabla ya kodi inayofuata. Wimbo wenye kodi zinazobadilika kila pigo hautoi nafasi hiyo.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba vitufe hivi huhesabu hatua bila kuonyesha mahali ulipo. Taa ndogo ikiwaka inaonyesha kwamba umehama, lakini si kila kinanda huonyesha umehama hatua ngapi, na kwenye jua la saa nane mchana katika uwanja wa wazi taa hiyo haionekani kabisa. Katika vinanda vingi kubonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja hurudisha sifuri, nami ninaona kila mpigaji azoee kufanya hivyo mwisho wa kila wimbo alimohama.

Swichi ya futi

Sinthesaiza za analogi, yaani vinanda vinavyotengeneza sauti kwa saketi za umeme, zina njia ya zamani zaidi, inayopimwa kwa futi. Kipimo hicho kimetoka kwenye kinanda cha mabomba: bomba lililo wazi lenye urefu wa futi 8 hutoa C ya herzi 65 hivi, urefu ukiongezwa hadi 16 sauti hushuka oktava moja, na ukipunguzwa hadi 4 hupanda oktava moja. Minimoog ya mwaka 1970, yenye funguo 44 tu, iliweka kipimo hicho kwenye kila kizalishaji sauti kati ya vitatu vyake, kuanzia 32 hadi 2, na Roland Juno-106 ya mwaka 1984 ina vitufe vya 16, 8 na 4. Sinthesaiza nyingi zinazouzwa leo zimeufuata utaratibu huo.

Swichi hii hubadilisha chanzo cha sauti chenyewe, kwa hiyo noti inayolia inaruka pale pale kwenda oktava nyingine kidole kikiwa kimeshikilia ufunguo uleule. Hicho ndicho kinachotofautisha njia hizi mbili kuliko kitu kingine chochote, na mtu akilielewa hili uchaguzi unakuwa mwepesi. Ukitaka kodi ibaki huku wewe ukihama, tumia kitufe. Ukitaka noti moja ndefu ya solo iruke ghafla mbele ya wasikilizaji, tumia swichi ya futi. Ukikosea ukatumia swichi ya futi kodi ya kwaya ikiwa inalia, kodi yote itaruka na waimbaji watayumba.

Faida nyingine ni kwamba swichi yenye nafasi zilizochongwa husomeka kwa macho na hata kwa kidole gizani. Pia unaweza kuweka kizalishaji kimoja kwenye 16 na kingine kwenye 8, ukapata sauti nene ya oktava mbili kwa kidole kimoja. Ila kinanda cha ridhimu hakina swichi hii kwenye paneli, na anayebeba chombo kimoja tu hataiona. Inamhusu aliye na sinthesaiza ya pili juu ya stendi, kwa ajili ya solo na besi. Msimu wa kiangazi wa Dodoma, kuanzia Juni hadi Oktoba, una upepo na vumbi jekundu linaloingia kwenye kila tundu, na swichi za kuteleza huathirika mapema kuliko vitufe vya mpira. Kitambaa cha kufunikia kisikosekane kwenye begi.

Rejistresheni

Rejistresheni ni kumbukumbu inayohifadhi sauti, mpaka wa kushoto, ridhimu, ujazo na oktava kwa pamoja, kisha kuviita vyote kwa mguso mmoja. Mpigaji anaweza kuandaa ya kwanza kwa ubeti wenye piano kwenye oktava ya kawaida, ya pili kwa kiitikio chenye nyuzi zilizoshushwa oktava moja, na ya tatu kwa kipande cha katikati chenye filimbi iliyopandishwa. Jukwaani hahesabu hatua; anabonyeza namba.

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kutegemea kwa mtu mwenye kinanda kimoja cha ridhimu, na sababu ya kwanza si urahisi. Ni kwamba uamuzi wa oktava unafanyika kwenye mazoezi, masikio yakiwa yametulia na mwalimu wa kwaya akiwa karibu, badala ya kufanyika wakati bendi imeshaingia. Sababu ya pili ni umeme. Unapokatika na kurudi, hatua zilizobonyezwa kwa vitufe kwa kawaida hufutika na kinanda huamka kwenye sifuri, lakini rejistresheni zilizohifadhiwa hubaki. Anayepiga kwenye kumbi zinazotegemea jenereta atalithamini jambo hili mapema.

Kwa wenye vinanda vya Yamaha vya mfululizo wa PSR-E kuna sababu ya tatu: oktava ya sauti kuu, kati ya mbili chini na mbili juu, imewekwa ndani ya orodha ya mipangilio. Kuitafuta humo katikati ya wimbo hakuwezekani. Kinanda chenye rejistresheni hulimaliza tatizo hilo. Kisicho nayo kitakulazimisha uchague oktava moja kwa wimbo mzima.

Njia hii nayo ina gharama zake. Kuita rejistresheni hubadilisha vitu vingi kwa pamoja, hivyo kama kasi ya ridhimu ilihifadhiwa ikiwa tofauti na ile ambayo kiongozi ameianza leo, wimbo utaruka kasi. Matoleo ya daraja la kati na la juu yana uwezo wa kugandisha baadhi ya vitu, kama ridhimu, kasi na transpozi, ili visiguswe rejistresheni inapobadilishwa. Anayebadilisha rejistresheni katikati ya wimbo auwashe uwezo huo. Katika baadhi ya vinanda mwangwi wa sauti ya zamani hukatika ghafla, kwa hiyo ile mbinu ya kodi inayolia chini ya mapambo haifanyi kazi vizuri hapa. Tena wimbo usiotarajiwa hauna rejistresheni. Mchungaji akianzisha pambio ambalo halikupangwa, unarudi kwenye vitufe.

Kugawa kinanda, gurudumu, na kinanda kirefu

Kuna wanaokwepa kuhama kabisa kwa kuzipa sehemu za kinanda oktava zake mapema: besi kushoto ikiwa imeshushwa oktava moja, piano kulia. Kwa bendi isiyo na mpiga besi ni suluhisho zuri. Zingatia tu kwamba E ya chini ya gita la besi ni herzi 41 hivi, na ukishuka oktava nyingine chini ya hapo unaingia herzi 20, ambako spika za kawaida hazitoi kitu kinachosikika isipokuwa kuchosha amplifaya. Kwenye uwanja wa wazi, ambako hakuna kuta za kusaidia sauti nzito, mimi ningeipandisha besi oktava moja isikike kuliko kuishusha iwe ya kina. Unapopanga mpaka kwenye vinanda viwili vya chapa tofauti, kumbuka kwamba C ya katikati Yamaha huiita C3 na Roland huiita C4. Ufunguo ni uleule.

Kupachika sauti mbili zinazopishana oktava hukuza wimbo wa mkono mmoja, lakini kila noti sasa inatumia nafasi mbili za sauti, kati ya idadi ya noti ambazo kinanda kinaweza kutoa kwa wakati mmoja. Kinanda chenye nafasi 32 kitaanza kukata noti za pedali mapema kuliko chenye 128.

Gurudumu la kupinda sauti linaweza kuwekwa nusu-toni 12 badala ya mbili za kawaida, likafanya mruko wa oktava wa kuteleza. Sipendekezi zaidi ya solo moja, kwa kuwa mpindo mdogo wa kawaida unakuwa mgumu mara sita kuudhibiti, na sauti za kurekodiwa kama tarumbeta hupoteza asili yake zikivutwa mbali hivyo.

Kinanda cha funguo 76 au 88 huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na kwa mpiga piano wa kweli hakina mbadala. Hata hivyo kile cha funguo 88 zenye uzito mara nyingi huzidi kilo 10, wakati vyepesi vya 61 ni kilo 5 hivi na hubebeka kwenye bodaboda kutoka Chang'ombe hadi Kisasa. Mwenye gari la kwaya na aamue kwa muziki. Asiye nalo aamue kwa usafiri, kisha azitumie njia za hapo juu.

Ukikutana na ilimba na zeze

Katikati ya Tanzania swali la oktava lina upande mwingine ambao miongozo ya watengenezaji haiugusi. Kwaya nyingi huchanganya kinanda na nyimbo za Kigogo, zenye ilimba (chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba) na zeze, na anayesikiliza waimbaji wa Chamwino anasikia ngazi iliyo karibu na mfululizo wa sauti za asili, yaani sauti zenye kasi ya mtetemo mara mbili, tatu, nne na kuendelea ya ile ya msingi, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ya nane ni oktava kamili ya ya nne, na hapo kinanda na waimbaji wanakubaliana bila shida. Ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 31 hivi, karibu theluthi moja ya nusu-toni, na hakuna kitufe cha oktava kinachorekebisha hilo. Ushauri wangu ni kwamba kinanda kishike noti ya msingi na oktava yake, au noti ya tano kutoka kwenye hiyo, kikae chini ya ilimba au juu yake badala ya kukaa ndani yake, na noti ya saba waachiwe waimbaji. Kwa kazi hiyo sauti mbili zilizopachikwa kwa oktava na kuhifadhiwa kwenye rejistresheni hufaa kuliko kuhamahama kwa vitufe.

Jambo la kuepuka katika ngoma hizo ni kuhamisha oktava wakati sauti iliyochaguliwa ni seti ya ngoma. Katika utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991, unaopanga namba ipi ni chombo kipi, ngoma kubwa ya mguu iko kwenye namba 36. Ukipanda oktava moja, ufunguo uleule hutoa namba 48, ambayo ni tomu ya kati-juu. Kila pigo ulilozoea linakuwa chombo kingine.

Uchaguzi wenyewe

Mpiga kinanda wa kwaya mwenye kinanda cha ridhimu na orodha ya nyimbo inayojulikana mapema aweke rejistresheni mbele, na vitufe vibaki kwa mapambio ya ghafla. Mpiga kinanda wa bendi ya harusi, anayepokea maombi ya wageni na kuingia kwenye sebene bila taarifa, aweke vitufe mbele na anunue kinanda ambacho vitufe hivyo viko kushoto na idadi ya hatua inaonekana kwenye skrini. Anayepiga solo kwa sinthesaiza ya pili atafute yenye swichi ya futi kwenye paneli, isiyofichwa ndani ya menyu. Na kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayepigia kompyuta kwa kinanda kidogo cha funguo 25 hana hiari: oktava mbili hazitoshi wimbo wowote wa mikono miwili, vitufe ndivyo vitakavyombeba, kwa hiyo kipimo chake cha kwanza dukani kiwe noti kukwama.

Kipimo hicho ni cha dakika moja, na kinafaa pia kwa kinanda cha kukodi au cha kuazima. Chagua sauti ya nyuzi, shikilia ufunguo mmoja, pandisha oktava, kisha achia: sauti inapaswa kunyamaza. Rudia ukiwa umekanyaga pedali. Halafu pandisha hatua mbili, bonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, na usikilize kama imerudi sifuri au imeshuka hatua moja tu. Mwisho hifadhi rejistresheni yenye oktava iliyopandishwa, chomoa waya wa umeme bila kuzima kwanza, washa tena, uiite. Ikija bila oktava, au isipokuja kabisa, siku hiyo piga kwa vitufe, na uandike hatua za kila wimbo kwa kalamu nene pembeni ya karatasi ya kodi.